Amani ya moyo hatua kwa hatua, kwa kufuata Wafilipi sura ya nne

Wakristo wengi tunaijua Wafilipi 4:6 kwa moyo: "Msijisumbue kwa neno lolote, bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu." Tunaisoma msibani, tunamtumia aliyeachishwa kazi, tunaiandika ndani ya kadi. Halafu inafika saa nane usiku, macho makavu, unahesabu madeni, na aya ile ile inakuongezea mzigo: sasa una madeni, na una hatia ya kujisumbua.

Mwongozo huu unaisoma aya hiyo mahali pake. Ukiitoa peke yake ni amri ngumu. Ukiisoma pamoja na ndugu zake, kuanzia aya ya 2 hadi ya 9, unaona njia yenye vituo: inaanzia kwenye ugomvi wa wanawake wawili wa kanisa, inapita kwenye maombi na shukrani, inafika kwenye mawazo, inamalizikia kwenye matendo. Amani imeahidiwa mara mbili katika njia hiyo, aya ya 7 na aya ya 9, na mara zote mbili imetanguliwa na jambo la kufanya. Mtume Paulo mwenyewe, aliyeiandika barua hii, anasema "nimejifunza kuwa radhi" (4:11). Mtu hajifunzi alichozaliwa nacho, kwa hiyo usijihukumu kwamba wewe una moyo wa wasiwasi na wenzako wamejaliwa utulivu.

Unahitaji Biblia, daftari la kawaida, kalamu, robo saa asubuhi na dakika kama kumi kabla ya kulala.

Hatua ya 1: Soma barua yote kwa mkao mmoja

Wafilipi ina sura nne na aya 104 tu. Isome kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, siku ambayo huna haraka. Kama Kiswahili cha Biblia ya Union ya mwaka 1952 kinakupa shida, soma tafsiri ya Habari Njema kwanza, kisha urudi.

Unaposoma, weka alama kila mahali Paulo anapotaja taabu yake. Yuko kifungoni (1:13). Wapo wanaohubiri kwa husuda ili kumwongezea dhiki (1:15-17). Hajui kama ataishi au atakufa (1:20-23). Epafrodito, aliyemletea msaada kutoka Filipi, aliugua karibu na kufa, na Paulo anakiri kwamba kama angekufa yeye angepata "huzuni juu ya huzuni" (2:27). Wanaosomewa barua wanamfahamu vizuri. Katika mji wao alichapwa bakora, miguu ikatiwa kwenye mkatale, na usiku wa manane yeye na Sila wakaomba na kumwimbia Mungu huku wafungwa wengine wakisikiliza (Matendo 16). Mlinzi wa gereza aliyebatizwa usiku ule alikuwa mtu wa Filipi hiyo hiyo.

Fanya zoezi hili kabla ya mengine yote. Litakuponya na fikra kwamba amani ya Mungu ni ya watu wasio na matatizo, au ya watu wanaojifanya hawana.

Hatua ya 2: Malizana na mtu

"Namsihi Euodia, namsihi na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana." Hiyo ni aya ya 2, na mara nyingi tunairuka kwenda kwenye maneno matamu ya mbele. Wanawake hao walikuwa watenda kazi wa Injili. Paulo anasema waliishindania pamoja naye. Hata hivyo walikuwa wamekosana, na habari ikafika mpaka gerezani.

Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wengi wa sala wanapokwama. Tunafunga, tunakesha, tunaomba amani, na huku kuna shangazi ambaye hatujamsalimia tangu kikao cha harusi, au ndugu tuliyegombana naye juu ya kiwanja cha marehemu baba. Moyo haugawanyiki vyumba viwili, kimoja cha ibada na kingine cha kinyongo. Bwana Yesu alisema ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza upatane naye (Mathayo 5:23-24).

Andika kwenye daftari jina la mtu mmoja. Mmoja anatosha kwa sasa. Kisha jiulize sehemu yako katika ugomvi ule ni ipi, na uiandike kwa sentensi moja isiyo na utetezi. Ukienda kwake, nenda kwa miguu yako, au piga simu kama yuko mbali. Ujumbe wa maandishi husomwa kwa sauti ya hasira hata kama uliuandika kwa upole. Sema kosa lako lenyewe: "Shikamoo shangazi. Nimekuja kwa sababu ya maneno niliyokujibu siku ya kikao, mbele ya watu. Nilikosea. Naomba unisamehe." Ishia hapo. Neno "lakini" likifuata, utakuwa umekwenda kujitetea.

Kama mlango umefungwa kabisa, tumia mtu wa kati. Paulo mwenyewe alifanya hivyo: katika aya ya 3 anamwomba mtu anayemwita mjoli wa kweli awasaidie wanawake wale. Mzee wa kanisa, mwenyekiti wa jumuiya, mama mchungaji, au mjomba anayeheshimiwa na pande zote mbili, wote wanafaa, ilimradi ni mtu anayejua kutunza siri.

Watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kusambaa miaka ya 1930 na baada yake hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, walilishika jambo hili kwa uzito mkubwa. Kwa neno la 1 Yohana 1:7 waliliita kutembea nuruni. Mtu alikiri kosa lake, akamwendea aliyemkosea, akarudisha alichokichukua. Ni urithi wetu wenyewe, na ni vizuri kuurudia, kwa tahadhari moja: kiri dhambi zako, usikiri za mwenzio mbele ya watu.

Warumi 12:18 inaweka mpaka wa hatua hii: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Upande wa pili si wako. Tena, kama mtu huyo anakupiga, au anakudhulumu kwa namna inayohatarisha maisha yako au ya watoto, hatua hii haikutumi nyumbani kwake. Tafuta usalama kwanza na watu wa kukusaidia. Msamaha unaweza kuanza ukiwa mbali naye, na kumsamehe hakukulazimishi kurudi chini ya mkono wake.

Hatua ya 3: Taja haja kwa jina lake

Aya ya 6 inasema haja zetu "zijulikane na Mungu". Anazijua tayari, anayehitaji kuzijua mara nyingi ni mwombaji. Wasiwasi hukua pale unapokuwa hauna sura, unapokuwa tu uzito kifuani. "Ee Bwana, nisaidie" ni sala njema, lakini ukiwa na nafasi, nenda mbali zaidi.

Fungua daftari kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto ni wa haja. Andika tarehe, kisha andika kile hasa kinachokusumbua: ada ya muhula imebaki laki mbili na nusu na mwisho ni Ijumaa, majibu ya kipimo cha mama yanatoka Jumanne, kijana wangu harudi nyumbani kabla ya usiku wa manane na sijui yuko na nani. Usipambe. Kama umemkasirikia Mungu, andika hivyo hivyo.

Kama huna maneno, Zaburi 13 itakuazima. Ina aya sita tu. Aya mbili za kwanza ni malalamiko: "Ee BWANA, hata lini?" Mbili za kati ni ombi. Mbili za mwisho ni tumaini na wimbo. Andika zaburi yako kwa mpango huo, ukianza na malalamiko kama Daudi alivyoanza. Watu hukimbilia aya mbili za mwisho kwa sababu wanafikiri kulalamika ni kukosa imani. Daudi alilalamika kwa Mungu mwenyewe, na huko ni kumwamini.

Mfano mzuri kuliko yote ni Hana, katika 1 Samweli 1. Mwaka baada ya mwaka Penina alimchokoza kwa kukosa mtoto, hata Hana akalia na kuacha kula. Alipoingia hekaluni aliomba kwa uchungu kiasi kwamba kuhani Eli alidhani amelewa. Akamjibu Eli kwamba hakunywa divai, ila "nimeimimina roho yangu mbele za BWANA". Sasa tazama mpangilio wa mambo katika aya ya 18 na kuendelea: akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukuwa na huzuni tena. Mimba ilikuja baadaye. Aliondoka pale bila mtoto, akiwa na neno la baraka la kuhani tu, na tayari alikuwa anakula. Amani ilimfikia kabla ya jibu.

Kwa hiyo ukimaliza kuandika na kuomba, fanya tendo dogo la kukabidhi. Funga daftari, inuka, kunywa chai.

Hatua ya 4: Jaza ukurasa wa kulia

Ukurasa wa kulia ni wa shukrani, nao huandikwa usiku. Ignatius wa Loyola, aliyeanzisha Shirika la Yesu katika karne ya 16, alipofundisha watu kutafiti dhamiri aliweka shukrani kuwa jambo la kwanza, kabla mtu hajazitazama dhambi zake za siku. Mpangilio huo una busara. Ukianza na makosa, utalala umejikunyata.

Andika mambo matatu ya siku hiyo hiyo. "Uzima, afya na familia" ni maneno tuliyoyazoea mpaka hayatugusi tena. Kwenye daftari usiyatumie. Andika: jirani alinianulia nguo mvua ilipoanza. Mtoto amesoma ukurasa mzima bila kusaidiwa. Kondakta amenirudishia chenji niliyoisahau. Usirudie jambo la jana. Baada ya juma moja utajikuta unatazama mchana kwa macho mengine, kwa sababu unajua usiku utaulizwa.

Mara moja kwa juma, peleka shukrani moja kwa mtu. Barua kwa Wafilipi, kwa sehemu kubwa, ni barua ya kusema asante kwa msaada ulioletwa na Epafrodito (4:14-18). Katika Luka 17 wakoma kumi waliponywa na mmoja tu akarudi, Msamaria, na Yesu akauliza, "Wale tisa wa wapi?" Mwalimu wako wa darasa la kwanza kama yu hai, muuguzi aliyekaa na wewe zamu ya usiku, kaka aliyeacha shule ili wewe usome: watafute, uwaambie kwa maneno kamili walifanya nini.

Makanisani kwetu tuna namna njema za kushukuru kwa mikono. Sikukuu ya mavuno, ndizi, kuku, mayai na mahindi yanapofikishwa mbele kisha kunadiwa nje baada ya ibada, hata mtoto anaelewa kwamba tulichonacho tumepewa. Nasikitika tu ninaposikia sadaka ya shukrani ikihubiriwa kama malipo ya awali ya baraka inayokuja. Huko ni kufanya biashara na Mungu, na mfanyabiashara hawezi kutulia. Kila siku anasubiri faida. Shukrani ya kweli inatazama kilichokwisha kutolewa.

Jambo la mwisho hapa ni la uangalifu. "Shukuruni kwa kila jambo" (1 Wathesalonike 5:18) usiigeuze fimbo ya kumchapia mfiwa. Aliyefiwa na mtoto jana hatakiwi kuambiwa ashukuru. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba mchana na usiku, walipokaa naye chini bila kusema neno (Ayubu 2:13). Waliharibu walipofungua vinywa. Ukienda msibani, kaa, chota maji, osha vyombo. Na ukiwa wewe ndiye mfiwa, ukurasa wa kulia unaweza kubaki mweupe kwa muda. Mungu haudai.

Hatua ya 5: Beba neno moja kwa siku

Aya ya 8 inatupa orodha: yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki, safi, yenye kupendeza, yenye sifa njema, "yatafakarini hayo". Kutafakari kunahitaji kitu kidogo. Anayesoma sura tano kwa haraka ili atimize ratiba hufika jioni hakumbuki hata moja.

Mwaka 1728, huko Herrnhut, Ujerumani, Wamoraviani waliokuwa wakiongozwa na Nikolaus von Zinzendorf walianza kupeana neno moja fupi la kila siku. Tangu 1731 maneno hayo yamekuwa yakichapwa kitabuni kila mwaka. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891. Neno moja kwa siku linaonekana dogo, ila limelisha watu kwa karibu karne tatu.

Chagua neno lako usiku, ulinakili juu ya ukurasa wa kesho. Asubuhi lisome kwa sauti mara tatu, polepole. Mara ya kwanza sikiliza tu. Mara ya pili jiulize ni neno gani limekugusa, au limekuudhi. Mara ya tatu ligeuze liwe sala. Kisha liweke kichwani na uende nalo sokoni, shambani, kwenye daladala. Kwa juma la kwanza haya yanatosha: Zaburi 23:1, Zaburi 46:1, Zaburi 131:2, Maombolezo 3:22-23, Yohana 14:27, Warumi 8:38-39, Mithali 15:1.

Mithali uisome kwa njia yake. Ina sura 31, kwa hiyo fuata tarehe: tarehe 7 soma sura ya 7. Tafuta mithali moja inayohusu jambo ulilonalo siku hiyo, kikao, deni, mtoto mkaidi. Na usiishike mithali kama sheria isiyo na mahali pake. Mithali 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu, na aya ya 5 inayofuata inaagiza ajibiwe. Hekima ni kujua leo ni siku ya aya ipi. Hapo unamwomba Mungu, na unamuuliza mtu mzima anayemcha Mungu.

Hekima ya Maandiko inataka pia kusoma mstari na majirani zake. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" (4:13) tunaiona nyuma ya magari na kwenye fulana za wanamichezo. Aya iliyotangulia inazungumzia kushiba na kuona njaa. Paulo alikuwa anasema anaweza kukosa bila kuvunjika na anaweza kuwa nacho bila kupotea. Ni ahadi kubwa kuliko ya kushinda mechi.

Simu iache chumba kingine mpaka umemaliza kusoma. Kundi la WhatsApp la ukoo likikuwahi asubuhi, siku nzima utakuwa unatafakari neno la mtu aliyeandika kwa hasira. Mithali 26:17 inamfananisha anayejiingiza katika ugomvi usio wake na mtu anayemkamata mbwa masikio. Ukiona mabishano hayakuhusu, pita.

Hatua ya 6: Tenda jambo moja

"Yatendeni hayo, na Mungu wa amani atakuwa pamoja nanyi" (4:9). Kila asubuhi, chini ya neno la siku, andika tendo moja linalotokana nalo, dogo kiasi cha kukamilika kabla ya jua kuzama. Aya ya 5 ni mahali pazuri pa kuanzia: "Upole wenu na ujulikane na watu wote." Mlipe dada wa kazi tarehe uliyoahidi. Mpigie fundi ambaye ulikwepa kupokea simu yake. Msikilize mume au mke wako mpaka amalize sentensi. Amani yako haiwezi kukamilika ikiwa wewe ndiye wasiwasi wa mtu mwingine.

Amani isipokuja

Itatokea. Umefanya yote na usiku bado mzito. Kabla hujajiuliza umekosea wapi kiroho, jiulize umelala saa ngapi na umekula nini. Eliya alipoketi chini ya mretemu akiomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo na Mungu mlimani Horebu yalikuja baada ya chakula na usingizi.

Na kama huzuni imedumu majuma mawili na zaidi, hulali, chakula hakipiti, huoni maana ya kuishi, au unawaza kujidhuru, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, una matibabu. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu aliye karibu leo hii na usikae peke yako. Nenda hospitali, mwambie mchungaji au padri wako, na usimruhusu mtu akuambie dawa ni ukosefu wa imani. Wakati huo tumia Zaburi 88, ambayo inaishia gizani bila aya ya faraja, na bado imo ndani ya Biblia, bado ni sala. Mwombe mwenzio akusomee, wewe usikilize tu.

Mwisho wa mwezi

Tenga saa moja, rudia daftari lote. Kila haja iliyojibiwa, iandikie tarehe pembeni, kisha inakili upande wa shukrani, hata kama jibu lilikuja kwa njia usiyoipenda. Haja ambazo siku hizi hazikusumbui tena zipigie mstari. Zilizobaki zihamishie ukurasa mpya na tarehe mpya, moja moja, ukizitaja kwa sauti. Jina uliloliandika katika hatua ya 2 nalo liangalie: kama bado hujaenda, panga siku, na umwombe mtu mmoja akuulize siku hiyo ikipita.